Safari ya Nyiraneza Kutafuta Bunduki

Nyiraneza wa Kingi, katika milima ya Masisi mashariki mwa Kongo, alikuwa mkulima tangu akili yake ilipoanza kukumbuka mambo. Alizaliwa juu ya kilima kimoja, akaolewa kilima cha jirani, na mara mbili vita vilipomng'oa hapo alikimbilia Kashebere, upande wa Walikale, akauza ndizi na unga wa muhogo kando ya barabara mpaka njia ilipofunguka. Kila aliporudi alikuta mabati yamechukuliwa na shamba limekuwa pori. Kila mara alichukua jembe akaanza upya. Kanisani walimjua kwa sauti yake nzito katika kwaya, sauti iliyowafanya wageni wageuke kutafuta ni mwanamume gani amekaa upande wa wanawake. Mume wake, Viateur, alifariki kwa ugonjwa, akamwachia nyumba, mashamba, na kipande cha mikaratusi alichokipanda mwenyewe mwaka waliooana.

Katika nyumba hiyo aliishi na binti yake Niyonsenga, aliyekuwa na mtoto mchanga na cherehani. Cherehani ndiyo iliyowapa sabuni na chumvi. Mashamba yaliwapa yote mengine.

Wezi waliingia jioni moja wakati maharage yanaepuliwa. Nyuso walizifunika kwa vitambaa, na walizungumza kidogo sana, kama watu wanaoogopa sauti zao kujulikana. Walichukua mbuzi, maharage ya mbegu, redio na cherehani. Mmoja wao alimwekea Niyonsenga mdomo wa bunduki shingoni, mtoto akiwa ananyonya, akauacha hapo mpaka wenzake walipomaliza kubeba. Hawakuua mtu. Majirani walipokuja kutoa pole walilirudia neno hilo, kwamba hawakuua mtu, na Nyiraneza aliitikia kwa kichwa kwa sababu ni kweli.

Asubuhi Niyonsenga alimfunga mtoto mgongoni, akachukua kifurushi chake.

“Mama, mi siwezi tena kulala mu hii nyumba,” alisema. “Nakwenda Goma kwa mama mudogo. Siku utapata kitu ya kutulinda, utanituma habari, nitarudi.”

Nyiraneza alimsindikiza mpaka barabarani. Hakuuliza ni kitu gani. Masisi nzima ilijua ni kitu gani.

Kuhusu wezi ni akina nani, yeye alikuwa na hakika. Kinyesi cha mbuzi kilifuata njia ya kupanda mlima, kikapita katikati ya malisho ya Makuza, mahali waya wa uzio ulipokatwa. Makuza alikuwa mfugaji, mtu mrefu mwenye koti refu, kofia ya kahawia na maneno machache, aliyeishi juu kabisa ya mlima na mkewe Murekatete na ng'ombe wao. Miaka ya nyuma ng'ombe wake waliingia katika mahindi ya Nyiraneza, wakagombana, wakapatanishwa na mchungaji wa kanisa. Walibaki wakisalimiana. Lakini baada ya wizi Nyiraneza aliacha kumsalimia, na Murekatete alipopita na maziwa alimwambia ana kikohozi, hawezi kunywa. Wiki chache baadaye ilisemekana baadhi ya ng'ombe wa Makuza nao wameibiwa. Nyiraneza alisema kimoyomoyo kwamba mtu huyo anajifanya.

Aliuza mikaratusi ya Viateur kwa wachoma makaa. Siku waliyoikata alikwenda kulima shamba la mbali, asisikie shoka. Akazifunga pesa kiunoni ndani ya kitambaa, akawaambia wenzake wa kwaya kwamba anakwenda Rubaya, mji wa machimbo, kumsalimia Gentil, mtoto wa mdogo wake Viateur.

Gentil alikuwa mbebaji. Aliteremsha magunia ya madini ya koltani kutoka machimboni mpaka kwenye maghala ya wanunuzi, mabega yake yamekuwa na sugu kama nyayo. Alimkaribisha mama yake mkubwa katika chumba chake cha mbao na turubai, akamkaangia ndizi, kisha akasikiliza shida yake bila kumkatiza.

“Mama mukubwa, muntu niko namujua,” alisema. “Anaitwa Séraphin. Lakini hii kitu si jembe. Wakikukuta nayo kwenye barieri ya barabara, hautaeleza hata kidogo.”

“Walimuwekea Niyonsenga bunduki kwenye shingo, mwanangu.”

Kesho yake asubuhi Gentil alimpeleka.

Ilikuwa nyuma ya nyumba moja wanapouza kasiksi, ile pombe ya ndizi. Wachimbaji waliokuwa wametoka zamu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wamejaa tope mpaka kope, hakuna aliyewajali. Gentil alimwonyesha mlango wa uani akabaki nje. Pembeni ya mlango huo Nyiraneza aliona fimbo ndefu imeegemezwa ukutani, na juu yake kofia ya kahawia imetundikwa. Alizitambua kabla hajazifikiria. Ndani, juu ya gunia la makaa, alikuwa amekaa Makuza.

Walitazamana. Kila mmoja alitambua mwenzake amefuata nini, kwa kuwa katika chumba kile hakikuwepo kitu kingine cha kununua.

“Mama Niyonsenga,” Makuza alisema taratibu.

“Papa Makuza.”

Séraphin alikuwa kijana wa heshima, shati limepigwa pasi, kucha safi. Alifurahi kuona wateja wake wanajuana. Aliingiza mkono katika gunia la pili, akapangusa vumbi la makaa, akailaza bunduki juu ya meza, akaieleza kama anavyoeleza muuza redio.

“Hii haichoki,” alisema. “Unaweza kuizika mu udongo mwaka muzima, siku ukiitoa inaongea. Shika, mama. Shika tu, haina masasi ndani.”

Nyiraneza aliishika. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na baridi, na ilinuka mafuta. Aliiwaza ikiwa nyumbani. Akaitafutia mahali: juu ya dari, chini ya kitanda, nyuma ya chungu cha maji.

“Naweza kuificha wapi, penye mutoto hafiki?” aliuliza.

“Mama, ukiificha mbali, muizi atakufikia mbele ya wewe kufikia bunduki. Unalala nayo. Hapa, karibu na kichwa.”

Alifikiria mjukuu wake akitambaa kitandani. Aliirudisha mezani, lakini mkono mwingine ulikuwa tayari umeshika fundo la kitambaa kiunoni. Hakusafiri mpaka Rubaya ili arudi mikono mitupu.

“Sasa shida iko moja,” Séraphin aliendelea, akitabasamu. “Niko na moja tu, na ninyi muko wawili. Mwenye ataongeza pesa, yeye njo atakwenda nayo.”

Nyiraneza alimtazama Makuza kwa jicho la pembeni. Aliona wazi kabisa jinsi mambo yatakavyokuwa: mmoja wao atarudi Kingi na bunduki, na mwingine atalala kila siku akijua jirani anayo. Liwalo na liwe, aliwaza, asiwe yeye huyo mwingine.

Makuza alikuwa ameichukua. Aliigeuza pole pole, akaangalia ubao, akaangalia chuma, kisha kidole gumba chake kikafika kwenye mkanda wa kuivalia begani. Haukuwa wa ngozi. Ilikuwa kamba iliyosukwa, ya nyuzi nyekundu na bluu. Kidole kiliifuata kamba mpaka mwisho wake, kwenye fundo lililofungiwa ndani kipande cha kitenge, kikasimama hapo.

Kisha akaiweka bunduki mezani kwa uangalifu mkubwa.

“Iko nzuri,” alisema. “Lakini leo sikukuya na pesa yote. Na huyu mama naye najua hana yote. Turudi tukatafute. Utatuwekea?”

Nyiraneza alifungua mdomo kusema yeye anayo yote. Makuza hakumtazama. Alikuwa anavuta koti lake, na Nyiraneza akaona amefunga kifungo kwenye tundu lisilo lake. Alimjua mtu huyo miaka mingi, katika ugomvi na katika mazishi, na hakuwahi kumwona akibabaika. Aliachia fundo la kitambaa.

“Kweli,” alisema. “Sina yote.”

Séraphin aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Tabasamu lilikuwa limepungua.

“Mukichelewa, mutakuta imekwenda,” alisema.

“Hatutachelewa,” Makuza alijibu, akachukua kofia yake na fimbo yake.

Nyiraneza alimuaga Gentil harakaharaka, akamfuata Makuza. Walipita katikati ya mji, wakiwapisha wabebaji waliokuwa wakishuka na magunia kwa mwendo wa kukimbia, wakapita mahema meupe ya wakimbizi, wakapita vibanda vya mwisho. Hasira zilianza kumpanda Nyiraneza. Huenda mtu huyu amemchezea, alifikiri; atamfikisha njiani, kisha yeye arudi aichukue peke yake. Mahali njia inapoanza kupanda Makuza alikaa juu ya jiwe kama mtu aliyekatwa miguu.

“Mama Niyonsenga, uliona ile kamba?”

“Niliona.”

“Ni ya Gaju. Ng'ombe yangu ya kwanza, ile ya rangi ya udongo. Murekatete njo alisuka ile kamba. Kila kamba anayosuka anaimaliza na kipande ya kitenge yake ya ndoa, ile nyekundu, maana ilipasuka na hakutaka kuitupa. Gaju ilikwenda na kamba kwenye shingo.”

Nyiraneza alikaa chini naye, kwenye majani.

“Wenye kuiba ng'ombe yangu njo walimuuzia ule kijana bunduki,” Makuza aliendelea. “Ao yeye ni mwenzao. Na waliochukua ng'ombe yangu walipita kwa waya ile ile walipita na mbuzi yako. Waliikata wao. Mimi sikukata waya yangu.”

Hapo ndipo Nyiraneza alipoelewa. Mikaratusi ya Viateur ilikuwa imebaki hatua moja tu kuingia mifukoni mwa watu waliomwekea Niyonsenga bunduki shingoni. Angewalipa yeye mwenyewe, na asante juu. Kicheko kilimtoka, kizito kama sauti yake, kikamshinda kukizuia, mpaka machozi yakamtoka na kikageuka kilio. Makuza alitazama upande wa mabonde, akamwacha amalize.

Walitembea siku ile nzima. Kwenye kizuizi cha barabarani walikuta watu wenye bunduki wanapekua kila mzigo. Wakamwaga unga ambao Gentil alimpa mama yake mkubwa, wakaupekenyua kwa kijiti, wakamwambia aukusanye. Alipokuwa anaukusanya kwa viganja, aliwaza kile ambacho kingeweza kuwa ndani ya unga huo. Makuza aliinama akamsaidia kukusanya.

Baada ya hapo maneno yalikuwa mepesi zaidi.

“Papa Makuza, nikuambie ukweli. Nilikuwa nasema ni watu wako.”

“Najua. Murekatete alisema kikohozi gani hiyo inakuya tu wakati ya maziwa.” Alitembea kidogo. “Na mimi nilisema ni vijana wa kwenu, wa chini. Nilikuwa nataka bunduki juu yao. Pengine juu yako.”

“Mimi na jembe yangu?”

“Wewe na ile sauti.”

Nyiraneza alicheka tena, safari hii vizuri. Makuza akamweleza mambo ambayo hakuwahi kuyajua: kwamba wachungaji wake walikimbia tangu wizi, kwamba Murekatete halali, kwamba yeye mwenyewe hukamua maziwa akitazama nyuma. Nyiraneza alikuwa akiitazama nyumba ya mlimani kila asubuhi na kuiona nyumba ya watu wenye nguvu.

“Nyumba yako iko peke yake kule juu,” alisema walipopumzika mara ya mwisho. “Yangu iko peke yake kule chini. Wanatukuta mumoja mumoja. Teremusha ng'ombe.”

“Niteremushe wapi? Kwa mahindi yako?”

“Pale mikaratusi ilikuwa. Sasa ni visiki tu. Karibu na mulango yangu.”

Makuza alirudi mlimani kuzungumza na mkewe, na baada ya siku kadhaa Murekatete mwenyewe alishuka, bila maziwa, akazunguka uwanja wa visiki akiupima kwa macho. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali kidogo. Mwisho alisema, “Hapa maji iko karibu kuliko kule kwetu,” na Nyiraneza akajua amekubali.

Haikuwa rahisi. Brigitte, kiongozi wa kwaya, alimjia Nyiraneza na kumuuliza kama wizi umemwondolea na akili, mpaka analeta ng'ombe katikati ya mashamba ya watu. Upande wa pili ndugu zake Makuza walisema mtu halazi mali yake kwa wakulima. Mwezi wa kwanza baada ya ng'ombe kuteremka, ndama mmoja alivunja uzio akala mboga za Brigitte, na ikabidi Makuza aende mwenyewe kuomba radhi, akiwa na jibini mkononi, ile ya duara inayotengenezwa huko milimani. Brigitte alisema jibini haiwi mboga. Lakini aliipokea.

Kwa sehemu ya pesa za mikaratusi Nyiraneza alinunua bati la kuimarisha mlango, na rimu kuukuu ya lori, kama ile inayogongwa kanisani. Waliitundika kati ya nyumba yake na kibanda kipya cha Makuza. Wakakubaliana: akigonga mmoja, anatoka mwingine, na wa nyumba ya tatu anagonga sufuria, na wa nne vilevile, mpaka ng'ambo ya bonde. Kwanza zilikubali nyumba chache tu zilizo jirani. Wengine walisubiri waone.

Waliona. Ilikuwa alfajiri imekwisha kupambazuka, ukungu bado umelala, Murekatete amechuchumaa anakamua. Aliona miguu chini ya ukungu kabla ya kuona watu. Hakupiga kelele, alikwenda moja kwa moja kwenye rimu. Nyiraneza alitoka na jembe, akasimama kwenye kizingiti, akaita kwa ile sauti yake majina ya nyumba zote, moja baada ya nyingine, kana kwamba anaita zamu ya kwaya. Sufuria zikaanza. Zililia upande huu zikaitika upande ule, na katika ukungu watu hawakujulikana ni wachache au ni wengi. Mmoja wa wezi alifyatua risasi. Ilitoboa bati la Nyiraneza. Kwa muda mfupi kila kitu kilinyamaza, naye alifikiri basi, imekwisha. Kisha sufuria moja ya karibu ikalia tena, kwa hasira kabisa, na kutoka ukunguni akatokea Brigitte, nguo ya kulalia imefungwa kitenge juu, anapiga kwa mchi. Nyuma yake walikuwepo wengine. Wezi waliondoka mbio, wakimwacha ndama waliyekwisha kumfunga kamba.

Siku hiyo Nyiraneza hakuweza kula mpaka jioni. Lakini Jumapili iliyofuata nyumba za ng'ambo ya bonde zilileta sufuria zao zenyewe bila kuombwa, wakulima na wafugaji, wakataka kujua mpango unakwendaje.

Cherehani haikurudi, wala Gaju. Tundu la bati linavuja mvua ikitoka upande wa magharibi, na mpaka leo Nyiraneza hushtuka mbwa wakibweka. Ila uwanja wa visiki umepata mbolea ambayo hajaiona maishani mwake. Kila Makuza anaposogeza zizi, yeye hupanda viazi pale lilipotoka. Vilipokomaa, yeye na Murekatete walivipakia pamoja na jibini kwenye gari la Kashebere, na huko wanawake waliomjua enzi za ukimbizi walimkumbatia kando ya barabara na kumuuliza kama vita vimemfukuza tena. Aliwaambia hapana, safari hii amekuja na bidhaa. Walirudi na madumu ya mafuta ya mawese.

Habari zilifika Goma, na Niyonsenga akaja. Alishuka kwenye pikipiki siku ya soko, mtoto mgongoni sasa ana meno, akasimama uani akitazama ng'ombe, rimu, na Murekatete aliyekuwa akichuja maziwa mlangoni kwao kama mtu wa nyumbani.

“Mama,” aliuliza kwa sauti ya chini walipoingia ndani, “ulinunua?”

“Sikununua.”

“Sasa unalala na nini?”

“Ninalala usingizi,” mama yake alisema. “Si kila siku. Siku nyingi.”

Akamsimulia yote, kuanzia mikaratusi. Niyonsenga alisikiliza huku jicho likienda mlangoni kila mara. Alisema atakaa mpaka Jumapili, aangalie, kisha ataamua. Nyiraneza alisema ni sawa, akamwandalia kitanda.

Jumapili ilipita. Jumatatu asubuhi Nyiraneza alimkuta binti yake uwanjani, mtoto amekalishwa juu ya kisiki akinyonya kidole chenye jibini, yeye mwenyewe ana jembe begani. Alikuwa anamuuliza Murekatete ni upande gani zizi lilitoka mwisho, na mbegu ya viazi iliwekwa wapi.